Na wewe, ukishajua, utalala?

Ilikuwa saa nane na dakika kumi, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Naiandika saa kwa sababu leo ni siku ya nne nayarudia maneno haya, na nataka niyaweke mahali kabla hayajabadilika zaidi kichwani mwangu.

Baba mdogo aliingia na tochi ya simu. Alidhani kuna gari limeachwa linanguruma nje. Ilikuwa feni ya kompyuta.

"Inafanya nini saa hizi?"

"Inapiga hesabu, Baba."

"Hesabu za nani?"

"Si za mtu. Ni za kuipima tu, nijue mwisho wake."

Akasimama pale mlangoni, mwanga wa tochi umeangukia miguuni kwake. Halafu: "Na wewe, ukishajua, utalala?"

Nikasema ndiyo, Baba. Akarudi chumbani kwake.

Basi. Wiki hii posa ya mdogo wangu imekubaliwa, mwenye duka kapandisha kodi, na mvua ya Alhamisi imeng'oa mabati mawili ya jikoni. Mimi natembea mji wetu mzima wa Bombo na swali la Baba mdogo.

Sasa hata sina hakika kama alisema "na wewe". Ukiliondoa, hilo ni swali la mtu aliyekatizwa usingizi. Ukiliacha, ni swali la mtu ambaye amekuwa akinitazama muda mrefu na hakutaka kuniambia. Nimejaribu kuisikia sauti yake upya, mara linakuwapo, mara halipo. Asubuhi nilitaka kumuuliza nikaona haya.

Yote yalianza na video ya harusi ya Luweero, niliyoitengeneza kwa kompyuta hii. Ilikuwa wakati prosesa, ule ubongo wa kompyuta, naiendesha kupita kasi ya kiwandani, gigahezi 3.9 kwa volti 1.4, nami najivunia, maana hii Ryzen 3 1200 ni ya mwaka 2017, ya bei ya chini kabisa katika kizazi chake, na kiwandani huanzia 3.1. Niliipima saa moja tu, usiku, ikapita. Kisha bi harusi akatoka na mraba wa kijani shavuni. Fremu moja tu. Kompyuta haikuzima, haikulalamika, ilimaliza kurenda, yaani kuitoa video kamili, vizuri na faili likafunguka. Mama mkwe ndiye aliyeuona, mbele ya wageni. Tangu siku hiyo sikuogopa tena mashine inayozima. Ikizima, nawasha. Niliogopa ile inayokosea kimya.

Ndiyo maana nilianza upya. RAM, kumbukumbu ya kompyuta, niliirudisha kwenye kasi yake ya kawaida, 2133, ili kosa likitokea nijue ni la nani. Volti nikazifunga kwenye 1.3, kasi nikaipandisha kidogo kidogo, megahezi 25 kila mara, na kila hatua niliijaribu kwa Prime95. Ile programu hurudia hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari, na jibu likipotoka hata kidogo, kiini kilichokosea, kati ya vinne vya prosesa, kinasimamishwa na vingine vinaendelea. Kwa hiyo nilimjibu Baba mdogo kweli: hesabu hazikuwa za mtu. Ila ningeweza kumwambia kwamba programu yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watu wanaotafuta namba tasa kubwa, na kwamba mwaka 2024 mradi wao ulipata moja yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Labda angekaa. Anapenda mambo makubwa ya namna hiyo, siku zote hutuhesabia kilomita za Mombasa hadi Juba.

Usiku ule ilikuwa kwenye 3.85. Alipoondoka nilizima skrini ili mwanga usionekane chini ya mlango, nikajilaza macho wazi. Kama robo saa hivi baadaye nikaisikia feni ikishuka. Si kuzima, ni kushuka tu, kama mtu aliyekuwa akiimba na wenzake watatu akanyamaza. Nikajua kiini kimoja kimeanguka. Sikuinuka. Alfajiri, baada ya kuswali, nikafungua skrini: cha tatu, saa nane na dakika ishirini na sita. Makosa ya kukadiria desimali yalifika 0.5, na yalitakiwa yasifike 0.4. Saa tano na zaidi ilikuwa sahihi, ikakosea mara moja.

Nikashuka hadi 3.8. Alhamisi umeme ukakatika saa ya tisa ya kipimo, nikaanza tena Ijumaa baada ya isha. Usiku joto lilikaa nyuzi 70. Lakini usiku si kipimo, chumba hiki kina mabati juu, na mchana wa saa nane hewa inayoingia kwenye feni ni tofauti kabisa. Nikaiacha iendelee Jumamosi asubuhi, adhuhuri, hadi saa tisa. Ikafika 81. Mwisho wake ni 95. Viini vyote vinne vikasimama wima, kosa hakuna hata moja.

Nilifurahi sana, nikitaka kusema ukweli nilifurahi kuliko siku ya posa. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu yangu mwenyewe: umeme unaoliwa hufuata volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha kwa kasi, kwa hiyo ile 3.9 ya zamani ilikuwa inakula umeme karibu asilimia 19 zaidi kwa ajili ya mwendo wa asilimia 2.6. Na hata hapa kwenye 3.8, video iliyokuwa inachukua saa tatu kwa kasi ya kiwandani sasa inakaribia saa mbili na nusu. Harusi ya watu nitairenda nikiwa na amani.

Nikatoka uani. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda, gurusa ya Bibi, ile chapati yetu, mkononi.

"Baba, imepita."

"Nini imepita?"

"Ile ya usiku ule. Uliyoniuliza."

Akanitazama, akatafakari kweli. "Nilikuuliza nini?"

Nikamwambia si kitu. Nikaingia ndani nikalala kuanzia baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, usingizi mzito, bila ndoto.

Ila pale uani niliona mguu wake wa kushoto. Umevimba hadi juu ya kifundo, na kiatu amekikanyaga kisigino kwa sababu hakiingii. Nilipoamka nilimuuliza, akasema ni kukaa sana. Wa kulia haujavimba. Kesho ni Jumapili, na kliniki ya hapa karibu hufungua Jumatatu.