Taa za gari zinafifia, na betri ni nzima

Nimechoka kusikia "badilisha betri". Taa za ndani, sehemu ya nyuma ya gari letu la safari, Land Cruiser lenye kitanda, friji na sinki, zilianza kufifia usiku, kisha kuchezacheza, kisha kurudi zenyewe. Fundi wa kwanza akasema betri. Wa pili akasema ni taa, ninunue nyingine. Betri kama ile hapa Arusha ilikuwa laki nne na ushee, na yangu asubuhi, kila kitu kimezimwa, ilikuwa inasoma volti 12.6. Betri ya risasi ikisoma hivyo imejaa. Ubovu wake uko wapi?

Taa nilibadilisha kwa kuwa ni bei ndogo. Mpya nazo zikafifia vilevile.

Kilichonifumbua macho ni friji. Usiku mmoja kambini Seronera, Serengeti, nilikaa nikisikiliza: kompresa ikinguruma, taa zinashuka, ikinyamaza, zinapanda. Yule fundi wa pili alipima kwenye taa mchana, friji imezimwa, akapata 12.5, akasema umeme unafika. Bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme mwingi, hata waya mbovu husoma vizuri! Pima vitu vikiwa vinafanya kazi. Nilipopima friji inanguruma, kwenye betri nilipata 12.4, kwenye taa hata 10 hazifiki. Zaidi ya volti mbili zinapotelea njiani.

Njiani wapi? Hapa ndipo ninapojivunia. Nilichukua waya mrefu wa spika, ule mnene, ncha moja nikaibana kwenye hasi ya betri, nyingine nikaiunga na ncha nyeusi ya mita. Nyekundu nikaigusisha kwenye hasi ya taa. Hasi kwa hasi, mita ilipaswa kusoma sifuri au karibu yake. Ikasoma 2.4! Nikaweka mita pembeni, nikagusisha waya wa spika wenyewe kwenye hasi ya taa: mwanga ukajaa gari zima, friji bado inanguruma. Mgeni aliyekuwa anakata vitunguu aliinua kichwa kutazama juu. Upande wa chanya niliupima kwa mtindo huohuo, hauna tatizo.

Basi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha bodi ya gari. Friji, pampu ya maji na taa, vyote vilikuwa vinarudisha umeme kupitia boliti moja chini ya kabati, tena imefungwa juu ya rangi. Barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti, inatikisa gari mpaka meno yanagongana. Boliti ililegea, maji ya sinki yakaingia, kutu ikashika. Friji ikivuta ampea 5 kupitia ukinzani wa nusu omu, volti 2.5 zinaliwa palepale.

Nilichomoa hasi ya betri, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikaweka kichwa kipya cha waya na washa ya meno, nikapaka grisi juu. Friji nikaipa waya wake mnene wa hasi hadi kwenye betri. Vifaa vyote havikufika elfu thelathini.

Na ukishauriwa kuweka fyuzi kubwa zaidi, kataa kabisa. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka kubwa, waya mwembamba wa taa ndio utakaoungua, ndani ya gari lenye godoro na mtungi wa gesi. Hilo nalo niliambiwa, na mtu mwenye karakana yake.