Gitaa la saini huanza mkononi, rangi huja mwisho

Mwanamuziki wa roki akiagiza gitaa la umeme lenye saini yake, mazungumzo huanzia kwenye picha: umbo la mwili, rangi, mchoro wa fuvu au radi. Fundi akizifuata picha hizo atatoa gitaa zuri la kutundika ukutani. Vitu viwili ndivyo vinavyobeba vingine vyote, navyo ni skeli, yaani urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja, na aina ya daraja lenyewe. (Nati na pikapu zitakazotajwa hapa ni za gitaa, si za gereji: nati ni kipande chenye mifereji ya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa, daraja ni kishikilia nyuzi kilicho juu ya mwili, na pikapu ni kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi.)

Kwanza lipime gitaa ambalo mwanamuziki haliachi. Chukua upana wa nati, ambao kwa kawaida ni milimita 42 au 43, unene wa shingo kwenye freti (vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni) ya 1 na ya 12, saizi ya nyuzi, tuni anazotumia (sauti anazofungia nyuzi), na urefu wa mkanda wake akiwa amesimama. Shingo nyingi zina milimita 20 hadi 23 za unene, na tofauti ya milimita 1 tu vidole huitambua mara moja. Kisha tazama rangi ilipolika: hapo ndipo mkono unapolala, na hapo hapawekwi kitufe wala kona kali. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath, alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani, akalazimika kutumia nyuzi laini na baadaye kushusha tuni. Gitaa la mtu kama huyo huwezi kulipanga kwa kuangalia picha.

Kwa watengenezaji wakubwa wa magitaa, skeli ya Fender ni milimita 648, ya PRS 635, ya Gibson karibu 628. Seti ya nyuzi inayoanzia inchi 0.010 kwenye skeli ya 648, tuni ya kawaida, huvuta shingo kwa takriban kilo 46. Ukishusha tuni kwa nusu-toni mbili (nusu-toni ni hatua ya freti moja), mvuto hupungua kwa asilimia 21 hivi na nyuzi huanza kulegea na kugonga freti. Hapo hamia seti ya 0.011, mvuto utarudi karibu ulipokuwa. Anayeshuka nusu-toni nne hupoteza zaidi ya theluthi. Kwake panga skeli ya milimita 686 na seti ya 0.012, na uzi wa kwanza utakuwa mkakamavu kama ule wa 0.010 wa mwanzo.

Kupanga freti ni hesabu: gawanya skeli kwa 17.817. Kwa 648 freti ya kwanza huwa milimita 36.37 kutoka nati. Toa hiyo, gawanya kilichobaki kwa namba ileile, endelea. Hesabu iende freti kwa freti, lakini alama zote zipimwe kutoka nati. Ukipima kutoka freti iliyotangulia, kosa dogo hujilimbikiza na ukifika ya 12 hauko tena kwenye 324. Daraja nalo lisifungwe kwenye 648 kamili. Uzi ukibonyezwa huvutika kidogo na sauti hupanda, kwa hiyo kikalio (kipande cha daraja ambacho uzi hukalia) cha uzi mwembamba hurudi nyuma milimita 1 hadi 2, na cha uzi mnene 4 hadi 5. Weka kikalio cha uzi mwembamba mbele kabisa, kikae kwenye 648, kisha toboa matundu ya daraja.

Sasa daraja. Swali la kuuliza ni moja: je, mwanamuziki huyu ana kawaida ya kubadili tuni katikati ya onyesho? Daraja linaloelea, yaani linalosimama kwa mizani kati ya nyuzi na springi, kama Floyd Rose, hushika tuni vizuri sana hata mkono wa tremolo (wenzo wa kulitikisa daraja) ukivutwa kwa fujo, lakini ukilegeza uzi mmoja, nyingine zote hupanda. Na uzi mmoja ukikatika, gitaa zima limekwenda. Anayehama kutoka tuni ya E kwenda ya D kati ya nyimbo apewe daraja lisiloelea.

Daraja la mtindo wa Gibson hukaa juu zaidi ya mwili kuliko la Fender. Shingo ikifungwa sambamba na mwili, nyuzi hubaki juu hata daraja likishushwa hadi mwisho, na hakuna skrubu itakayoliokoa. Shingo hiyo huhitaji kuinamishwa nyuma digrii 3 au 4. Chora gitaa kwa ubavu, ukubwa halisi, kwenye karatasi ndefu: unene wa mwili, ubao wa vidole wa milimita 6, urefu wa freti, daraja likiwa katikati ya mwendo wake. Mstari wa uzi ukipita vizuri kwenye karatasi, ndipo mbao ikatwe.

Umbo la ajabu huleta tatizo la shingo kuanguka: akiachia mkono, kichwa kinaelekea sakafuni. Ili isianguke, kitufe cha mkanda kifike karibu na usawa wa freti ya 12. Kata umbo hilo kwa plaiwudi, funga shingo na mashine za kutuni zilezile zitakazotumika, livike mkanda. Mashine nyepesi husaidia kuliko kuongeza uzito nyuma.

Kwenye pikapu, tazama nafasi kabla ya jina. Pikapu ya shingoni hupendwa ikiwa robo ya uzi kutoka daraja, pale ambapo freti ya 24 ingekuwa. Anayetaka freti 24 ajue pikapu yake itasogea nyuma na ule unene wa sauti utapungua. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, ina mpangilio wa vijiti vya sumaku wa takriban milimita 50, au 53 kwa madaraja ya Fender na Floyd Rose. Ukikosea, nyuzi za pembeni hupita nje ya vijiti. Hambaka ipewe potensiomita (vidhibiti vya voliumu na toni) za kiloomu 500 na kapasita ya toni ya mikrofaradi 0.022, ukiweka za 250, ukali hufifia. Vitufe viwe vichache: mpiga gitaa Eddie Van Halen alifanya kazi kubwa kwa kitufe kimoja cha voliumu. Brian May wa bendi ya Queen ni kinyume chake, kila pikapu ya gitaa lake ina swichi yake, na anazitumia kweli.

Pikapu inayopiga mbinja kwenye sauti kubwa ina koili zinazotikisika. Izamishe katika nta ya moto wa digrii 65 hivi. Ukizidisha, plastiki ya koili hupinda. Mashimo ya umeme yavalishwe foili ya shaba, iguse pia kifuniko, na waya wa ardhi upitishwe hadi daraja kabla ya kugongelea vishikizo vyake. Wengi hukumbuka waya huo vishikizo vikiwa vimeshaingia, na kuving'oa hupasua rangi.

Mbao? Mahogani, alda, meipo juu, zote hufaa zikiwa zimekauka vizuri. Ubishi wa mbao ipi ina sauti gani ni mrefu kuliko faida yake kwenye gitaa lenye gein nyingi, yaani sauti iliyokuzwa hadi ikakwaruza. Toboa kila tundu kabla ya rangi na ziba mfuko wa shingo kwa utepe: rangi ikiingia humo, shingo hulazimishwa na ufa huonekana baada ya wiki chache.

Saini yenyewe huwekwa kichwani kama kibandiko cha maji, chini ya vanishi. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha mbao, maana viyeyusho huyeyusha wino. Tabaka mbili au tatu za mwanzo za vanishi zipulizwe nyembamba kama ukungu, kila moja ikauke, ndipo zije nzito.