Punje za omeprazo na shimo la kahawa la mama mkwe

Mwezi wa nane mzee mmoja wa Uru, huku Kilimanjaro, mteja wangu wa siku nyingi, aliingia kwenye duka langu la dawa na malalamiko. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni, niliyompa haimsaidii, tumbo bado linawaka moto. Nikamwamkia, nikamwuliza anaimezaje. Akasema kapsuli inamkwama kooni, kwa hiyo anaifungua, anaziponda zile punje kwa kijiko, halafu anakoroga na maji ya limau ili ladha isimkere.

Nikashika kichwa. Nilichukua kapsuli moja nikaimwaga kwenye kiganja nimwonyeshe. Ndani si unga, ni vipunje vyeupe kama mbegu za mchicha zilizofuliwa. Kila punje ina utando wake. Omeprazo ikikutana na asidi ya tumboni inaharibika haraka, kwa hiyo utando unaikinga pale ambapo pH, kipimo cha uchachu (namba ndogo ni uchachu mkali, 7 ni katikati), ni 1 hadi 3. Punje zikishuka kwenye utumbo mwembamba, pH inapovuka kama 5.5, utando unayeyuka na dawa inatoka. Ukiziponda umevunja nyumba kabla mwenyewe hajafika.

"Kwa hiyo mama, hizi punje zina akili kunishinda mimi?" akaniuliza.

Nikamwambia hazina akili, zinaonja tu. Nikamwelekeza ameze punje nzima na kijiko cha uji wa baridi bila kutafuna. Alikwenda zake. Mimi nikabaki na lile neno, kuonja.

Jumamosi ile nilipanda Kibosho kwa mama mkwe. Ni msimu wa kahawa, na kwake bado wanamenya kwa mashine ya mkono nyuma ya nyumba. Maganda yanakwenda kwenye migomba, buni zinalala kwenye ndoo mpaka ulenda, ule ute unaozishika, uachie, na maji yote, ya kumenyea na ya kuoshea, yanaingia kwenye shimo. Shimo likijaa linamwagikia kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mashambani. Mfongo ule ule unakwenda kwa jirani, na jirani ana sukuma wiki.

Kuhusu sukuma wiki hizo kuna kesi. Mwaka juzi shemeji yangu aliambiwa kwamba maji ya kahawa yana asidi, dawa yake ni chokaa. Siku ya kumenya akatia ndoo nzima ya chokaa ya kupaka ukuta. Usiku mvua ikanyesha, shimo likafurika, na asubuhi mboga za jirani zilikuwa zimeungua kingo. Tulilipa. Mama mkwe hajasahau mpaka leo, na chokaa haitajwi mbele yake.

Kosa la shemeji lilikuwa saa, na nilichelewa kulielewa. Maji ya kahawa yakitoka kwenye mashine hayajachacha. Nilipima ya siku ile kwa karatasi za pH nilizobeba dukani, yakaonyesha karibu 6. Sukari na pektini za ule ulenda ndizo bakteria wanazogeuza kuwa asidi, na hiyo kazi inachukua siku. Jumanne nilimpigia simu binti wa nyumbani achovye karatasi nyingine, akanitumia picha: 4. Mama mkwe hahitaji karatasi. "Yanachacha kama mbege ya ndizi," anasema, "siku ya pili utasikia harufu, ya tatu inzi wamekuja." Chokaa ya shemeji iliingia siku ya kwanza, ikakuta maji hayana asidi ya kupambana nayo. Na chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka ukuta, haina breki. Maji yakishiba chokaa pH hupanda hadi 12 na ushei, na hapo si sukuma wiki tu, hata bakteria wazuri wa shimoni, wanaopenda 6.5 hadi 7.5, wanakufa.

Siku ya tatu hakuna mtu shimoni, watu wako shambani wanachuma. Tumboni mwa yule mzee vilevile hakuna mtu wa kusema sasa fungua. Ndiyo maana utando uliwekwa.

Nikawaza: chokaa nayo ifungiwe ndani ya utando, ufunguke wenyewe maji yakichacha. Wazo si langu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Marekani walilijaribu kwenye maabara, lengo likiwa kusafisha maji ya ardhini yenye naitreti, chumvi ya nitrojeni inayochafua maji. Bakteria wanaoiondoa naitreti hupandisha pH wakiwa kazini, na ikipanda mno wanazorota. Watafiti wakafungia fosfeti yenye asidi ndani ya utando unaoyeyuka maji yanapoelekea upande wa magadi. pH ikipanda, utando unaachia, fosfeti inaishusha. Ikishuka, punje ambazo hazijafunguka zinakaa kimya zikisubiri zamu.

Utando wa namna hiyo ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, yenye vikundi vya asidi. Kwenye uchachu imejikunja haitaki maji. Kwenye magadi inapata chaji, minyororo inasukumana, maji yanapenya, inayeyuka. Nilijihakikishia jikoni kwa kapsuli mbili za nyumbani zilizopitwa na muda. Punje nilizotia kwenye siki zilikaa nzima mpaka nikamaliza kupika makande. Zile za kwenye maji ya magadi zililegea, zikaacha wingu jeupe chini ya glasi. Moja niliiponda ndani ya siki makusudi, ikageuka zambarau chafu. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa anakunywa mzee wangu.

Lakini shimo la kahawa linataka kinyume: utando unaotulia maji yakiwa safi na kufunguka yakichacha. Upo. Unaitwa kitosani, unatengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa wa baharini, na huyeyuka pH ikiwa chini ya 6.5 hivi. Ungefunga chokaa ndani ya kitosani, ukatupa punje siku ya kumenya, ukaenda zako shambani. Unaoza pia, tofauti na polima nyingi za vidonge ambazo ni za kiwandani, na mimi sitaki kupeleka plastiki mfongoni kwa jina la usafi. Tatizo, kuutengeneza kunataka asidi kali na kostiki ya kuchemsha. Sifanyi hayo kwenye jiko ambalo watoto wanaingia na kutoka.

Nikarudi kwenye kitu cha kijinga zaidi. Maganda ya mayai ni kalsiamu kaboneti, na kaboneti ina breki ya kuzaliwa nayo: inayeyuka kwenye asidi, inatoa mapovu, asidi ikiisha inaacha. Nilichota ndoo ya lita 10 ya maji yaliyochacha, nikatia maganda ya mayai 6 yaliyokaushwa na kutwangwa. Mapovu yalipanda kama soda. Baada ya siku mbili karatasi ilisoma 6. Ndoo ya pili nilitia maganda makubwa bila kutwanga, ikagoma kwenye 4.5. Nilipoyatoa yalikuwa yanateleza, yamevikwa ulenda kama kamasi. Huo nao ni utando, ila huu umekuja kuzuia kazi.

Shimo la mama mkwe ni kama lita 2,000. Piga hesabu: mayai 1,200, trei 40, kwa kujaa mara moja. Mama mkwe alisikia hesabu akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. "Sasa tutakula mayai au tutauza kahawa?" Kisha akauliza yale ya kutwanga yanaweza kuwekwa lini. Siku yoyote, nikamwambia, hata siku ya kumenya, hayana haraka. Akanyamaza, halafu akaniuliza tena kama yana chokaa ndani. Nikasema yana kalsiamu.

Wiki hii nimefanya mkataba na kijana wa chipsi mayai jirani na duka. Kila jioni ananiletea mfuko wa maganda, mimi namwachia panado anapoumwa kichwa. Wateja wakiniona nikiyaanika juu ya bati nyuma ya duka la dawa wanaanza kunitazama vibaya. Nina kilo tatu na nusu mpaka sasa, na kinu cha mama mkwe ameshasema nisikiguse.