Ndala moja getini

Ndiyo kwanza nafika kutoka kazini Mtumba. Natoka hapa Nkuhungu saa kumi na mbili asubuhi, narudi giza limeingia. Katikati hapo mbwa wangu Simba anabaki na upepo wa Dodoma.

Leo mama jirani kanisimamisha: "Mwanangu, mbwa wako kuanzia saa kumi analala getini. Hata ugali nikimrushia hagusi."

Nikafungua geti.

Kweli, kalala pale, vumbi hadi kwenye kope.
Chini ya kidevu kaweka ndala yangu. Moja tu, ya kushoto. Hajaitafuna, na huyu kashanimalizia viatu vya ofisini pea mbili!

Nimekaa naye chini, kitambulisho bado shingoni.

Mnaofuga mbwa na mnashinda kazini, mnafanyaje? Niongeze wa pili?