Siku moja maishani mwangu: naotesha TB Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi nashuka feri upande wa kisiwani, mahamri mkobani. Kwenye matatu, jirani akisikia nafanya kazi maabara ya kifua kikuu, husogea dirishani. Nimezoea.

Saa mbili makohozi yanafika. Tunasajili na kubandika namba. Chupa yenye mate matupu inarudi ilikotoka.

Kuanzia saa tatu sitoki: gauni, glavu, barakoa ya N95, mikono ndani ya kabati ya usalama. Kijidudu cha TB huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja, na vijidudu vingine vya kohozi vikiachwa vitakimeza. Basi nawatilia wote sodiamu hidroksaidi, kemikali inayoua vingine upesi kuliko TB, na kukodolea saa macho. Zikipita dakika 20, naua hata ninayemtafuta. Nikikatisha mapema, uchafu unabaki. Hapo hushiki simu, wala pua ikiwasha huikuni.

Mashapo, yaani kile kizito kinachobaki chini baada ya kusafisha kohozi, nayapanda kwa njia mbili. LJ (Löwenstein-Jensen) ni chakula cha vijidudu cha mayai kilichogandishwa, kijani kwa rangi ya malakaiti. Nakikagua kwa macho kila wiki hadi wiki nane. MGIT ni mrija wa chakula cha majimaji: vijidudu vikila oksijeni, kitako cha mrija hung'aa na mashine ikajua yenyewe. Mwisho wake siku 42, na mara nyingi hutangulia LJ kwa wiki kadhaa. Lakini majimaji huchafuka upesi. LJ nayo ni rahisi kwa bei, na koloni, yaani vichungu vya vijidudu, zikitokea kavu, kama makombo ya mkate, nazitambua kabla ya darubini. Nikilazimishwa kuchagua nitashika majimaji, maana mgonjwa hana wiki nane. Ila nisilazimishwe.

Saa nane, nikitafuta chai, naitwa dirishani.

“Mwanangu, jirani yangu alipimwa, jibu siku ile ile. Langu mmelificha wapi?”

“Shikamoo mzee. Yule alipimwa kwa mashine ya GeneXpert, jibu hutoka kabla ya muda wa saa mbili kupita. Inatafuta vinasaba, na hata kijidudu kilichokufa huacha vinasaba. Wewe uko kwenye dawa. Daktari anataka kujua kama kuna vilivyo hai.”

“Sasa si muangalie!”

“Ndiyo tunaviotesha, mzee wangu. Vikiwa hai vitaota.”

“Na visipoota?”

“Tunangoja siku 42 ndipo tuandike hakuna.”

Akacheka kwa uchungu. Nauli ya kutoka Mtongwe nitamlipa mimi? Vijana wa siku hizi tumezoea viti. Akataka mkubwa wangu; mkubwa akamwambia yale yale, kwa maneno marefu zaidi. Akarudi kwangu: “Haya, nieleze tena.” Nikaeleza tena, chai ikapoa. Alipoondoka aliniombea dua, jambo lililonikera zaidi kwa sababu sikuwa na la kujibu ila amina.

Alasiri sijui ilipitaje. Umeme ulikatika, jenereta ikanguruma, nikasoma slaidi hadi macho yakauma. Karibu na kufunga, mashine ikalia: mrija mmoja umeota. Nikatoa tone, nikapaka rangi ya Ziehl-Neelsen inayotia TB wekundu, nikatafuta kamba nyekundu za vijidudu vyake chini ya lenzi. Hakuna hata uzi mmoja. Bluu tupu, bakteria wa mdomoni. Nikaandika kliniki: imechafuka, leteni kohozi jingine.