Siku mjomba alipokagua magofu ya Kilwa

Mjomba wangu ni fundi mwashi wa Singida, mtu wa tofali za kuchoma. Alipokuja kunitembelea Lindi nilimpeleka ufukweni, nikamlisha pweza, nikamwonyesha mashua zikirudi jioni. Kesho yake asubuhi akauliza, "Mjomba, huku kwenu hakuna cha kutazama zaidi ya maji?"

Nikamwambia kipo, Kilwa Kisiwani. Habari ya kwamba huko nako huvuka bahari nikaiweka kando kwanza.

Tulipanda basi hadi Nangurukuru, tukabadilisha gari kwenda Kilwa Masoko. Pale lazima upite ofisini uchukue kibali na upewe mwongozaji, maana magofu yale, pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yamo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Tukapata kijana wa kisiwani hapohapo, mpole, aliyezoea wazungu wenye kamera. Kwenye mashua mjomba alikamata ubao kwa mikono miwili na hakutoa neno mpaka tulipotia nanga chini ya ngome iitwayo Gereza.

Gereza ndilo linalompokea mgeni. Wareno waliuteka mji 1505 wakajenga ngome, ila sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Kijana alianza maelezo yake ya kila siku. Mjomba hakumsikiliza. Alikuwa amefumba jicho moja, anaipima kona kwa macho kama mwenye timazi mkononi.

"Saruji iko wapi?"

"Hakuna saruji, mzee. Ni mawe ya matumbawe na chokaa."

"Na chokaa mliitoa wapi?"

Kuanzia hapo ziara ikawa ya mjomba. Kijana akamweleza kwamba matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa chokaa. Mawe ya ukuta yalichimbwa nchi kavu, lakini ya kuchonga nakshi yalikatwa baharini yangali mabichi, kwa sababu yakiwa na maji ni laini na yakikauka huwa magumu. Mjomba akalirudia hilo la mwisho kwa sauti, polepole. Miaka yote ya ufundi wake, jiwe alilijua kuwa gumu tangu mwanzo.

Kwenye Msikiti Mkuu tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ningekushauri nawe ukae. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, ya karne ya 11. Ile kubwa yenye kuba na nguzo iliongezwa karne ya 14. Wageni huingia, hupiga picha matao, hutoka. Mjomba alilala chali sakafuni. Alitaka kujua kuba ilishikiliwa na nini kabla chokaa haijakauka, mbao zilifungwaje, zilitolewa lini. Kijana hakuwa na jibu la hayo yote, akacheka, akaketi naye. Kwenye magofu ya nyumba akamwonyesha vyumba vyembamba virefu: upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. "Hilo nalijua," mjomba akasema, akifurahi kupata mwenzake. "Mti ndio unaokwambia chumba kiwe na upana gani."

Jua lilikuwa kali. Chukua kofia na maji ya kutosha, na vaa nguo ya heshima, kwani njia hupita katikati ya nyumba za watu. Tulikula wali na samaki kijijini, halafu tukashika njia ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya ukingo unaotazama bahari. Kuna bwawa la pembe nane, nyua, na vyumba zaidi ya mia moja. Mimi hapo ndipo ninapopapenda kuliko ufukwe wowote wa kusini. Upepo unapanda kutoka chini, unakaa tu.

Mjomba hakukaa. Alizunguka, akaingia huku, akatokea kule, uso umekunjamana. Mwisho akamwita kijana. "Hii kazi haikuisha."

Kijana akashangaa. Ni kweli, akasema. Hata Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliona kwamba jumba halikumalizika.

"Tajiri aliishiwa," mjomba akaamua.

"Hapana, mzee, huyu alikuwa na dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji! Yule msafiri Mwarabu, Ibn Battuta, alimkuta hapa 1331, akaandika jinsi alivyokuwa mkarimu. Watu walimwita Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa vile alivyokuwa akigawa."

Mjomba akapangusa vumbi la chokaa kwenye viganja vyake. "Sasa umenijibu mwenyewe," akasema. "Kagawa, kagawa, mafundi wakaondoka."