Tangi la samaki kwenye baridi ya Uyole

Samaki alitangulia, tangi likafuata, kama ilivyo kawaida ya nyumba nyingi. Mpwa wangu alikuwa ameletewa samaki wa dhahabu kutoka Dar es Salaam, amekaa kwenye bakuli la kioo la lita 4 hivi, na dada akaniita Uyole, Mbeya, nimtafutie makao. Ilikuwa Juni 2019, mwezi wa kuvaa koti hadi sebuleni. Mabakuli yale yasingepaswa hata kuuzwa. Samaki huyu akitunzwa hufika sentimita 20 na kuendelea, huishi zaidi ya miaka 10, na hunya sana. Kabla ya kugusa kioo chochote tulimhamishia kwenye beseni la lita 40 lenye jiwe la hewa, nusu ya maji ikibadilishwa kila siku. Humo alikaa muda wote wa kazi.

Kioo tulikatiwa Mwanjelwa. Fundi alipendekeza milimita 5. "Kaka, madirisha ya mji mzima ni 5." Lakini dirisha halibebi maji. Maji yenye kina cha sentimita 36 yanasukuma ukuta usiku na mchana. Kioo chembamba hupinda katikati, na gundi huanza kuachia pembeni. Tukachukua milimita 8: kioo cha chini na kuta mbili ndefu za sentimita 80 kwa 40, kuta fupi mbili za 38.4 kwa 40. Ile 1.6 iliyopungua ni unene wa kuta ndefu mbili, kwa sababu kuta fupi hukaa katikati yake. Fundi asipoambiwa hivyo atakata 40 kamili na pembe hazitakutana.

Kingo zilipigwa msasa, zikafutwa kwa spiriti, ndipo gundi ya silikoni ikapakwa. Inayofaa ni silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka. Ya bafuni, iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, ni sumu kwa samaki. Tena silikoni inataka unyevu na joto ili ikauke, na Juni ya Uyole haina hata kimoja, kwa hiyo hatukutia tone la maji mpaka harufu ya siki ilipokwisha kabisa.

Meza ya televisheni niliikataa. Maji lita 100 ni kilo 100, kioo kilo 25, mchanga kilo 15: hiyo ni mizigo ya watu wawili wazima kwenye miguu minne ya mbao za gundi. Seremala alitengeneza benchi la mbao za paina, tukaliweka sawa kwa pimamaji, halafu chini ya kioo tukatandika lile povu jeupe linalofungashiwa friji. Bila povu, punje moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kukipasua siku tangi linapojaa.

Mchanga ulikuwa wa mto, ukaoshwa mpaka maji yakatoka meupe. Kokoto tulizijaribu kwa siki: zilizotoa mapovu zilikuwa na chokaa, zikatupwa. Maji ya bomba yalilala kwenye ndoo zisizofunikwa kwa saa 24 ili klorini ipungue.

Kichujio kilikuwa sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, cha bei ndogo kuliko vyote na kwa samaki mmoja sioni haja ya kingine. Pampu dada aliiweka sakafuni, mahali pa kuificha. Nikaichomoa kwenye umeme ili aone mwenyewe: mapovu yalikoma, kisha maji yakaanza kuingia kwenye mpira, yakapanda hadi ukingoni, yakapinda na kushuka taratibu kuelekea pampu na soketi. Umeme ukikatika usiku ndivyo sebule inavyolowa. Dawa ni vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, au kuipandisha pampu juu kuliko uso wa maji. Sisi tulifanya yote mawili.

"Mjomba, tunamwingiza leo?" Hapana, tangi lilikuwa safi mno. Samaki hutoa amonia, nayo huunguza mashavu anayopumulia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Wote hao hujenga kwenye sponji, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Kwenye baridi huzubaa. Samaki wa dhahabu hana shida na nyuzi 15. Hita ya wati 100 tuliiweka kwa ajili ya bakteria, maji yafike 22. Chakula chao kilikuwa usipa, dagaa mkavu wa Kyela asiye na chumvi, aliyefungwa kwenye kipande cha soksi ya nailoni akaachwa aoze humo atoe amonia.

Hita ina gharama yake. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na oksijeni inayoyeyuka majini ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani kwenye joto lilelile. Baridi hufidia, kwa kuwa maji baridi hushika oksijeni zaidi. Ukiyapasha moto unaondoa fidia hiyo, hivyo tuliongeza jiwe la pili la hewa, likoroge uso wa maji.

Katikati ya wiki hizo za kusubiri maji yakawa kama ya kuoshea mchele. "Mdogo wangu, haya yameoza, tumwage." Hayakumwagwa. Ni bakteria wanaoelea, wanaoongezeka kwa kasi kisha hupungua wenyewe. Ukimwaga yote unawapa nafasi ya kuanza upya.

Samaki alihamishwa vipimo viliposoma amonia 0 na naitraiti 0, naitreti ikiwa imepanda, na baada ya kubadilisha nusu ya maji. Tulichota maji ya tangi kikombe kikombe na kuyatia kwenye beseni kwa muda wa saa nzima, joto lilingane, ndipo akavuliwa. Siku ile alikula njegere moja iliyochemshwa na kumenywa, ikakatwa vipande vinne. Vidonge vya dukani vilisubiri dada apime tena amonia kesho yake.